Maswali yenu: Mwanangu yuko kwa methadone, shemeji anasema ni unga wa serikali

Swali: Asalaam aleikum shangazi. Mimi ni mama, nakaa Barani hapa Malindi. Kijana wangu wa pili ametumia unga, hii heroini, tangu amalize shule, ameniuzia masufuria, simu, mpaka mabati ya choo. Amefungwa si mara moja na kila akitoka siku hiyo hiyo anarudi maskani. Saa hii ameingia methadone, ile dawa ya kunywa ya kumtoa kwa unga, na wallahi naona afadhali, analala nyumbani, anakula. Lakini shemeji yangu hanipi raha, ati nimemtoa kwa unga nikampeleka kwa unga wa serikali, na ati zile sindano safi za bure wanazopewa wanaojidunga ni njama ya wazungu kutumalizia vijana. Nimjibu nini?

Jibu: Waaleikum salaam mama, na hongera, manake kijana kulala nyumbani na kula si jambo dogo, wewe mwenyewe wajua ulikotoka.

Muulize shemeji kama ashawahi kumuona mtu ameshikwa na arosto, yale mateso ya kukosa unga. Kamasi, tumbo linakata, mifupa yauma, jasho na baridi kwa pamoja. Unga unakaa mwilini saa chache tu alafu hayo yanaanza, na mtu akifika hapo hatafuti raha tena, anatafuta tu imuachie, na hapo ndipo sufuria lako linapoondoka. Methadone dozi moja yamshikilia siku nzima na zaidi, na dozi ikishakaa sawa hailevyi, mtu anaenda kazini. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 2005. Na si kitu cha kupeana kiholela. Nenda asubuhi kwenye kliniki ya hospitali yetu ya Malindi, imekuwepo tangu 2015, utaona kila mtu anafika dirishani, anapewa kikombe chake, anameza mbele ya muuguzi, anakunywa maji juu yake kisha anasemeshwa kidogo ihakikishwe kweli imeshuka kooni. Kesho tena. Mtu wa presha anameza kidonge kila siku miaka na miaka na hakuna anayemwita teja wa presha, sasa kijana wako ana kosa gani?

Haya ya sindano. Sindano safi ni ya yule ambaye hajaacha bado, anajidunga leo upende usipende. Ukimnyima hatoacha, atachukua ya mwenzake yenye damu. Utafiti uliofanywa Kenya karibu 2012 ulionyesha wanaojidunga wenye virusi vya ukimwi ni kama asilimia 18, wakati watu wazima kwa jumla walikuwa chini ya asilimia 6, na hao wana wake, wana waume, kuna akina mama wajawazito humo. Kwa hivyo ile sindano inamlinda hata mtu ambaye hajawahi kuuona unga kwa macho, pengine binti ya shemeji huyo huyo.

Na kuhusu njama: kule Amsterdam 1984 walioanza mpango wa kurudisha sindano iliyotumika na kupewa safi ni watumiaji wenyewe, walikuwa wanaambukizana homa ya ini wakaona wajisaidie. Iran ni jamhuri ya Kiislamu na inatoa methadone mpaka ndani ya jela. Malaysia kuna msikiti Kuala Lumpur, Masjid Ar-Rahman, ulianza kutoa methadone kwa waumini 2010. Mpe shemeji hiyo ya msikiti, nafikiri itamfikia kuliko maneno yangu yote.

La mwisho kwako mama, na hili ni la kushika sana: asichanganye na pombe wala bugizi au vidonge vyovyote vya usingizi, pumzi inaweza kukata. Na akikosa siku kadhaa awaambie kliniki kabla ya kunywa, dozi yake ya zamani inaweza kuwa imemzidi.

Swali: Mimi kijana wa mashua, Langoni, Lamu. Si 26 Juni ni siku ya kupinga madawa? Mbona naona watu wamevaa fulana wanasema tusaidie tusiadhibu? Wanataka unga uuzwe dukani?

Jibu: Hapana mdogo wangu. Siku hiyo Umoja wa Mataifa uliiweka 1987 kupinga madawa, na tangu 2013 watetezi duniani wanaitumia kusema mtumiaji ni mtu wa kutibiwa. Ureno ilifanya hivyo 2001: ukikamatwa na kipimo cha matumizi yako kisichozidi cha siku kumi huendi jela, unapelekwa mbele ya jopo lenye watu wa afya na ustawi. Muuzaji anafungwa vile vile. Maambukizi ya ukimwi kwa wanaojidunga kule yalishuka sana, ingawa ni kwa sababu waliweka pia pesa kwenye matibabu, bila hiyo sheria peke yake haitoshi. Marehemu Kofi Annan, aliyekuwa katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, naye alikuwa kwenye tume ya dunia iliyotamka 2011 kwamba vita dhidi ya madawa vimeshindwa. Na Machi 2024 kule Vienna, kamisheni ya Umoja wa Mataifa ya madawa ikapiga kura na kwa mara ya kwanza azimio lake likataja kupunguza madhara, yaani kumlinda mtumiaji na kifo na magonjwa hata kama hajaacha bado. Imechukua miaka mingi mno na wenzetu wamekufa katikati, hilo linaniuma. Sisi tungali na sheria yetu ya 1994 inayomfunga mtu kwa kete ya kuvuta mwenyewe, na tajiri wa mzigo analala kwake.

Swali: Kaka yangu ametoka jela juzi. Nimesikia wengi wakitoka wanazidiwa wanakufa. Ikitokea nifanyeje? Dada, Maweni.

Jibu: Umesikia kweli. Mwili ukikaa bila unga unasahau, akirudi na kipimo chake cha zamani kinamuua. Ukimkuta haamki, midomo imegeuka rangi, anakoroma au hapumui, usimwagie maji, usimnyweshe maziwa, usikubali mtu amdunge chumvi. Muite, mtikise, tafuta usafiri wa hospitali hapo hapo. Mpulizie pumzi mdomoni, na akianza kupumua mwenyewe mlaze ubavu asipaliwe na matapishi. Ipo dawa inaitwa naloxone inayoondoa nguvu ya unga ndani ya dakika chache, waulize wale wanaotembelea maskani kama wanayo, uijue kabla hujaihitaji. Na akiamka usimuache aende zake, manake naloxone inaisha kabla ya unga na anaweza kuzimika tena. Hospitali waambie ukweli ametumia nini na saa ngapi.