USIKAZE HIYO NATI! (Jibu kwa mwenye skuta iliyofeli ukaguzi)

Mkuu, mzuie fundi wako asishike spana mpaka umalize kusoma hapa. Umeandika kwamba skuta imefeli kwa mambo manne: usukani unacheza, breki ya nyuma dhaifu, tairi la mbele lina nyufa na taa inamulika juu mno. Halafu ukamalizia kwa furaha kabisa kwamba la usukani ni dogo, fundi "anakaza nati tu, kesho unarudi kukaguliwa." Hiyo sentensi imenipandisha presha. Niliambiwa hivyohivyo, neno kwa neno, na nikamshukuru aliyeniambia.

Ndani ya shingo ya usukani (lile bomba la fremu usukani unamozungukia, linalobanwa na hiyo nati) kuna seti mbili za gololi, ya juu na ya chini. Kwenye skuta nyingi ndogo ni gololi huru zinazotembea kati ya vikombe vya chuma. Ukiwa barabarani, muda mwingi usukani umenyooka, kwa hiyo gololi zimekaa palepale, na kila shimo unalopiga linazigongesha sehemu ileile ya kikombe. Magurudumu ya inchi 10 au 12 hayana huruma, yanazama kwenye shimo ambalo pikipiki kubwa ingelipita juujuu. Seti ya chini ndiyo inayoumia zaidi kwa sababu ndiyo inayobeba mzigo, na ndiyo inayorushiwa maji na tope na gurudumu. Grisi ikishaoshwa kutu inaingia, vikombe vinachimbika vishimo, na wewe unaanza kusikia "ko, ko" kila ukibana breki ya mbele.

Sasa ukikaza nati juu ya vishimo unafanya nini? Unazifungia gololi humo humo. Kelele inaisha, fundi anatabasamu, na wewe unatabasamu. Ukitoka barabarani skuta haitaki kwenda moja kwa moja. Mwendo wa polepole inayumba kama mlevi anayetafuta mlango wa kwake: ukiirekebisha kushoto inapitiliza, ukiirudisha kulia inapitiliza. Mimi nilidhani ni tairi. Nikaongeza upepo. Nikapunguza upepo. Nikalaumu barabara. (Usicheke, ungelaumu na wewe.)

Nikarudi ukaguzi kifua mbele. Mkaguzi akainua gurudumu la mbele, akageuza usukani kwa vidole viwili tu, ukafika katikati ukanasa "tik". Hakusema kitu, akaandika. Karatasi ya kwanza ilisema usukani unacheza, ya pili ikasema unanasa. Nililipa ili nibadilishiwe sentensi.

Ungedhani hapo nimejifunza. Fundi yuleyule akaniambia, kwa sauti ya mtu aliyezaliwa na spana mkononi, "Gololi ndizo zimekwisha bosi, vikombe ni chuma kigumu, haviishi hivyo." Akaweka gololi mpya kwenye vikombe vya zamani. Hapa ndipo hasira yangu inapopanda mpaka leo. Gololi mpya kwenye kikombe chenye vishimo huingia kwenye vishimo vilevile! Kidole tu ukipitisha ndani ya kikombe unavisikia. Yeye vikombe alivishika, mimi sikuwepo, na ama hakuvipapasa ama alivipapasa akanyamaza. Sijui lipi ni baya zaidi. Haikuchukua muda usukani ukaanza tena kunasa, na gololi mpya nazo zikawa zimeharibika.

Kufika shingoni kwenye skuta si kazi ndogo. Plastiki zote za mbele zinatoka, waya na nyaya za breki zinasogezwa, foki (mkono unaoshika gurudumu la mbele) inashushwa. Kila ukivua plastiki, vibanio vyake vinakatika kimoja kimoja. Mara ya mwisho plastiki yangu ilikuwa inashikiliwa na imani zaidi kuliko vibanio. Ufundi nimelipia mara tatu kwa kazi ya mara moja, na ada za kurudia ukaguzi juu yake.

Kwa hiyo shika hili moja, mengine yote sahau ukitaka: PIMA SHINGO GURUDUMU LIKIWA HEWANI KABLA YA KUKAZA CHOCHOTE. Simamisha skuta kwenye stendi kubwa, mtu aikalie nyuma mpaka gurudumu la mbele linyanyuke. Shika foki chini kwa mikono miwili, sukuma na kuvuta. Ikigonga, kuna mchezo, yaani ulegevu. Halafu geuza usukani taratibu kutoka mwisho hadi mwisho. Ukipita katikati bila kunasa, basi yawezekana nati ililegea tu, kaza kwa kipimo cha kitabu cha skuta yako, na fundi wako nitamwomba radhi. Ukinasa katikati hata kidogo, gololi na vikombe vinabadilishwa vyote, juu na chini, siku moja. Hakuna nusu.

Tena hakikisha mchezo wenyewe ni wa shingo. Shika gurudumu lenyewe, juu na chini, litikise upande kwa upande. Likicheza kwenye ekseli, tatizo ni beringi za gurudumu na mmekuwa mnagombana na shingo isiyo na kosa.

Breki ya nyuma: kama ni ya ngoma, tazama mkono wa breki pale kwenye gurudumu, nyingi zina alama ya kuonyesha shuu (vipande vinavyobana ngoma kwa ndani) zimelika kiasi gani. Kama nati ya waya imekazwa mpaka mwisho, shuu zimekwisha, usihangaike kukaza. Ukifungua ukakuta mafuta, sili ya giaboksi (mpira unaozuia mafuta yasitoke) inavuja, badilisha sili yenyewe pia, la sivyo shuu mpya nazo zitalowa.

Tairi lina namba nne za tarehe ubavuni, 2319 maana yake wiki ya 23 mwaka 2019. Soma lako utajua umri wa hizo nyufa.

Turudi kwenye shingo. Wakikufungia vikombe vipya, usichukue skuta mpaka umeona mwenyewe gurudumu likiwa hewani, usukani ukiusukuma kidogo tu unaanguka wenyewe upande mmoja hadi mwisho, na upande wa pili vilevile. Baada ya kuiendesha siku chache urudi wapime tena, maana vikombe vipya hukaa sawa vikishabeba mzigo na nati inaweza kuhitaji kuguswa kidogo. Na vikombe vya zamani uvidai mkononi mwako. Pitisha kidole ndani, kisha piga picha uweke hapa tuone fundi wako alitaka kukaza juu ya nini.