Gari haliwaki, linalia tu tik tik tik

Mkuu, kama ulivyosema Toyota IST yako asubuhi ukizungusha ufunguo inalia tik tik tik na taa za dashibodi zinafifia, usikimbilie kununua stata (mota inayozungusha injini iwake) kama fundi alivyokwambia, hiyo dalili mara nyingi ni umeme haufiki vizuri. Fungua boneti uangalie vichwa vya betri, ukikuta ule unga mweupe au wa kijanikijani ndo unazuia umeme hapo, chukua spana namba 10 fungua hasi kwanza ndo ufungue chanya, mwagia maji ya moto, piga msasa mpaka pang'ae, kausha alafu kaza, kichwa kisicheze kabisa ukikishika na mkono.

Bado haliwaki? Tafuta mwenye mita ya volti akupimie, gari limezimwa betri nzima inasoma kama volti 12.6, ikiwa chini ya 12 imeisha chaji. Bust (liwashe kwa waya kutoka betri ya gari lingine), likiwaka pima tena likiwa linaunguruma, ikisoma 13.8 mpaka 14.4 hivi oltaneta (jenereta ya injini inayochaji betri) inachaji, ikibaki 12 na kushuka basi hata ununue betri mpya itakufa tu wiki hiyohiyo na hela imeenda bure.

Stata ishuku pale taa zinawaka vizuri hazififii na unasikia TAK moja tu. Wakati wa kubust ule waya mweusi, ncha ya mwisho ibane kwenye chuma cha injini ya gari lisilowaka, sio kwenye betri iliyokufa, cheche karibu na betri sio za kuchezea aisee.