Acha kubofya noti moja moja

Ndugu, umesema unaandika wimbo wa sauti nne kwenye MuseScore, programu ya kuandika noti za muziki, kwa kubofya kila noti kwa kipanya, zinatua mstari si wake, na ukiweka mpya katikati inafuta ya zamani. Pole, najua inavyochosha.

Weka mikono kwenye kibodi. Bofya kipimo cha kwanza (nafasi kati ya mistari miwili ya wima), bonyeza N kuanza kuandika noti, kisha chagua urefu kwa namba: 5 ni robo, yaani pigo moja katika 4/4. Kila ukipanda namba moja urefu unakuwa maradufu, kwa hiyo 6 ni mapigo mawili na 4 ni nusu pigo. Sasa andika herufi: C ni do, D ni re, E ni mi (kama do yako ni C). Sufuri ni kimya. Programu huchagua oktava (noti ileile ikiwa juu zaidi au chini zaidi) iliyo karibu na noti iliyotangulia. Ikikosea, Ctrl na mshale wa juu au chini hurekebisha palepale.

Ile ya kufuta si hitilafu. Kipimo kina mapigo yake, na noti mpya huchukua nafasi ya iliyokuwepo. Ukitaka zilie pamoja, shikilia Shift unapoandika herufi.

Kipanya kibaki kwa kuchagua vipimo vya kunakili: bofya kipimo cha kwanza, shikilia Shift, bofya cha mwisho. Anza na sauti ya kwanza tu, ubeti mmoja, halafu utuambie umefika wapi.