Kifo cha mhusika kwenye LARP kikibishaniwa: mwamuzi aanzie wapi

Mkuu, nimesoma uzi wako pamoja na majibu yote. Kwa wanaoingia sasa: LARP ni mchezo ambao watu huigiza wahusika wao kwa miili yao wenyewe, na kampeni ni mfululizo wa matukio yenye wahusika walewale. Mhusika wa kampeni ya muda mrefu aliangushwa usiku kambi ilipovamiwa. Aliyemwangusha anasema alimpa pigo la kumalizia. Mganga anasema alishamshika na kuanza tiba kabla ya hilo pigo. Mwamuzi wa zamu aliamua mhusika amekufa, asubuhi msimamizi mkuu akabatilisha, na sasa kundi limegawanyika. Umeuliza nani alikuwa sahihi. Nitafika huko, ila kwanza tuone mgogoro wenyewe umekaa wapi, maana waliokujibu wengi wanajadili upendeleo.

Angalia tena maelezo yako. Hakuna anayebisha kwamba mhusika alipigwa na akaanguka. Ubishi wote uko kwenye dakika chache kati ya kuanguka na kufa, na hapo ndipo vijitabu vingi vya kanuni vinapita kwa sentensi moja. Kwenye michezo ya silaha za sponji kifo kina hatua: pointi za uhai zinaisha, mhusika analala chini na hesabu ya kuvuja damu inaanza, halafu linatokea moja kati ya matatu: anatibiwa, hesabu inakwisha, au mtu anammalizia. Urefu wa hesabu unatofautiana. Kuna michezo ya sekunde 60, kuna ya dakika 3, kuna ya dakika 5. Urefu wowote unafaa. Kinacholeta ugomvi ni hesabu kufanyika kimya kichwani mwa mtu ambaye moyo unamwenda mbio, gizani, huku watu wanamruka.

Mtu wa namna hiyo anahesabu haraka kuliko saa, na anafanya hivyo bila hila yoyote. Njia rahisi ya kulipima: mpeleke pembeni, mwambie ahesabu tena kwa sauti kwa kasi ileile aliyotumia akiwa chini, wewe shika saa. Akifika 60 na saa yako inasoma sekunde 40, basi hesabu yake ya 180 ilichukua kama dakika 2 tu, na mganga anayesema "nilifika kabla ya dakika 3" anaweza kuwa anasema kweli sawasawa na yeye. Kipimo hiki hakikupi jibu kamili, lakini kinaondoa neno "mwongo" mezani mapema, na hilo peke yake linapoza nusu ya hasira.

Kuna maswali manne kuhusu hesabu ambayo kijitabu lazima kiyajibu kwa maandishi. Mganga akigusa, hesabu inasimama pale pale au inasimama tiba ikikamilika? Tiba ikikatizwa, hesabu inaendelea ilipoishia au inaanza upya? Mhusika akibebwa, inaendelea? Na mwamuzi akipiga kelele ya "Sitisha!" kwa sababu ya usalama, je? Hili la mwisho ndilo linalosahauliwa zaidi. Mtu ameteguka mguu, mchezo umesimama kwa dakika kadhaa, watu wamepiga goti, na yule aliyelala pembeni anaendelea kuhesabu kwa sababu hakuna aliyemwambia aache. Mchezo ukirudi, yeye kwa hesabu yake ameshakufa. Kanuni iseme wazi: wakati wa "Sitisha" hesabu zote husimama, na mwamuzi anayerudisha mchezo aseme kwa sauti "endeleeni na hesabu" kabla ya kuruhusu silaha kuinuliwa.

Pigo la kumalizia nalo lina kasoro zake. Mpangilio wa kawaida ni silaha kugusa kifua au mgongo wa aliyelala, muuaji kutamka maneno maalumu kwa sauti, kisha kuhesabu sekunde 3 ambamo mtu mwingine anaweza kumkatiza. Usiku, penye kelele, maneno yanasemwa kwa mnong'ono kwa sababu muuaji hataki wenzake yule aliyelala wamsikie. Ni jambo la kueleweka ndani ya hadithi, ila linamwacha aliyelala bila kujua kama ameuawa. Andikeni hivi: pigo ambalo aliyelala hakulisikia au hakulihisi halijatokea, na ni kazi ya muuaji kuhakikisha limefika. Anayetaka kuua kimyakimya amwinamie na kumwambia sikioni. Kukatiza nako kupewe tafsiri moja tu, kwa mfano kugusa silaha ya muuaji kwa silaha yako au kusimama katikati yao. Kupiga kelele "hapana!" kutoka mita 10 kusihesabiwe.

Mapigo yasiyohisiwa nayataja kwa kifupi. Silaha nyepesi ya sponji juu ya koti zito la pamba au joho linaloning'inia mara nyingi haihisiwi kabisa, hasa mtu akiwa anakimbia. Asiyeanguka kwa pigo hilo hajadanganya. Haya yanatatuliwa uwanjani kwa mpigaji kuuliza "imefika?" na kupiga tena vizuri, yasifikishwe kwenye kikao cha kifo. Na wawili wakipigana mapigo kwa wakati mmoja, pigo lililokuwa limeshaanza kabla ya mpigaji kuguswa linahesabiwa, wote wanaanguka.

Sasa kikao chenyewe. Kifo kikibishaniwa, mwamuzi atamke palepale kwamba hali ya mhusika imesitishwa. Hajafa, na wala hai hajawa. Mchezaji anafunga kitambaa cha kuwa nje ya mchezo na kuondoka eneo lile. Vitu alivyokuwa navyo, pamoja na vilivyokwisha kuporwa, vinaingia kwenye bahasha ya mwamuzi. Hakuna tangazo, hakuna mazishi, hakuna kurithi cheo. Sababu ni moja: kila dakika inayopita, watu wengine wanajenga uchezaji wao juu ya kifo kile. Mrithi anakalia kiti, mjane anaapa kulipiza kisasi, jeshi linabadili upande. Baada ya saa 2 za hayo, kubatilisha hakumrudishi mhusika mmoja tu, kunawafutia kazi watu kumi. Ndiyo maana uamuzi wa asubuhi kwenu umeuma hivyo hata kama ulikuwa na hoja.

Wachezaji waliokuwa kwenye tukio wahojiwe mmoja mmoja, kila mtu dakika 3 zinatosha, akianza aliyelala, kisha muuaji, kisha mganga, na shahidi asiye wa kambi yoyote kama yupo. Usiwaweke pamoja, wa pili atapanga maneno yake kwa kumjibu wa kwanza. Uliza vitendo, usiulize hitimisho. "Alikuua kihalali?" ni swali bovu. Uliza: ulikuwa umelala ukitazama wapi? Ulikuwa umefika ngapi ulipohisi mkono? Ulisikia maneno gani hasa? Mkono wa kwanza ulikushika wapi, begani au kifuani? Mganga muulize alitokea wapi, kisha tembea naye umbali huo kwa mwendo aliotumia. Mara nyingi umbali unasema zaidi ya watu. Mganga aliyesema "nilikuwa karibu" anakuta mwenyewe kwamba ilikuwa ni kuzunguka mahema mawili, au muuaji anaona kwamba pale alipokuwa amesimama mganga asingeweza kumpita bila yeye kumwona.

Kikao chote kisizidi dakika 20 na kifanyike usiku uleule. Kumbukumbu za watu waliolala katika hema moja zikiamka asubuhi huwa zimefanana, na hapo huna tena mashahidi watatu, una hadithi moja yenye sauti tatu. Mwamuzi asiwe rafiki wa karibu wa upande wowote, wala mtu ambaye mhusika wake ananufaika. Kwenye kundi dogo hilo ni gumu, kwa hiyo mteue mapema mtu anayecheza mazimwi na wanakijiji wa upande wa waandaaji. Huyo hana kiti cha kurithi.

Ushahidi ukionyesha wazi, amua wazi. Usitafute nusu kwa nusu ili kila mtu atulie, kwa sababu mara inayofuata kila anayekufa atabisha akijua atapata nusu. Ushahidi ukibaki sawasawa hata baada ya maswali yote, naona mhusika aishi. Kifo hakirudishwi bila kuharibu mchezo, lakini jeraha linaweza kuongezwa. Ila hapa waamuzi wengi wanamsahau muuaji. Huyo amepanga, ametumia sumu au dhahabu ya mchezo, amejiweka hatarini, na sasa anaambiwa haikutokea. Mpe kitu chenye uzito: alichopora abaki nacho, aliyenusurika awe nje ya mchezo hadi alfajiri, na arudi na jeraha la kudumu linalopunguza uwezo wake hadi tukio lijalo. Mwambie muuaji haya kabla hujamwambia mtu mwingine yeyote.

Rufaa iwepo, lakini iwe na mlango mwembamba. Iandikwe kwa sentensi zisizozidi tano, ifike ndani ya saa 1 tangu uamuzi, isikilizwe na mtu ambaye hakuwepo. Sababu ziwe tatu tu: kanuni ilitumiwa vibaya, mwamuzi alikuwa na maslahi, au usalama wa mtu ulihusika. Jambo jipya lililokumbukwa baadaye lisiwe sababu.

Kuna aliyependekeza mhame kabisa kwenye mfumo mwingine. Ipo mifano mizuri. Ujerumani makundi mengi yana desturi kwamba aliyepigwa ndiye anayeamua athari ya pigo, na College of Wizardry, LARP ya shule ya wachawi iliyoanza 2014 kwenye kasri la Czocha nchini Poland, inamwachia anayerogwa aamue uchawi umemfanya nini. Huko ugomvi wa hesabu unatoweka. Unakuja wa aina nyingine: mchezaji ambaye haanguki kamwe, na wenzake hawana kanuni ya kumshika nayo, wana maneno tu. Mfumo huo unataka watu wanaofurahia kushindwa vizuri. Kampeni yenu, kwa jinsi ulivyoieleza, ina vyeo, mali na pointi za uzoefu zinazolimbikizwa miaka; mchezaji mwenye mengi ya kupoteza atavutwa kujihurumia hata akiwa mtu mwema. Msihame katikati ya kampeni.

Tena, msisahau kwamba aliyefiwa na mhusika wa miaka mingi ana huzuni ya kweli. Mpe uamuzi faragha, ameketi, bila hadhira, na mtu wa kukaa naye kama nusu saa. Usimpe karatasi ya mhusika mpya dakika ileile. Kanuni ya kuhamishia sehemu ya pointi za uzoefu, tuseme nusu, kwa mhusika mpya iandikwe kijitabuni tangu mwanzo, isije ikaonekana ni rushwa ya kumnyamazisha.

Sasa swali lako. Kwa ulivyoeleza, mwamuzi wa zamu alifuata kijitabu chenu kama kilivyo: kinasema tiba "inaokoa" bila kusema kuanzia lini, naye akasoma kwamba ni ikikamilika. Msimamizi mkuu akasoma kwamba ni ikianza. Tafsiri zote mbili zinakubaliana na maneno yale, kwa hiyo kanuni haikuvunjwa, na uamuzi wa kwanza ulipaswa kusimama. Hata hivyo msiubatilishe tena. Mhusika ameshaonekana hai mbele ya kila mtu. Kumuua sasa kwa barua itakuwa mara ya pili kubadilisha uamuzi. Mwacheni aishi na jeraha, warudishieni wavamizi walichopora na gharama ya maandalizi, na msimamizi mkuu amwombe radhi mwamuzi wa zamu mbele ya waamuzi wenzake, kwa kuwa bila hivyo hakuna atakayekubali tena zamu ya usiku. Kisha kabla ya tukio lijalo ongezeni kijitabuni: "Mganga akimshika mgonjwa kifuani na kutamka kwamba anatibu, hesabu inasimama. Akiachia kabla ya kumaliza, inaendelea ilipoishia. Pigo la kumalizia linaweza kutolewa wakati wa tiba, ila muuaji ahesabu sekunde 3 kamili na mganga awe amesikia." Isomeni kwa sauti kwenye kikao cha ufunguzi, na wawili walale chini wawaonyeshe watu inavyofanyika.