Maswali ya Wasomaji: Uzingativu na Chimbuko Lake

SWALI: Ndugu Mhariri, kazini tumepewa programu ya simu inayofundisha "uzingativu": kuketi kimya kwa dakika kumi, kufuatilia pumzi, kisha kurudi kazini tukiwa watulivu. Mwenzangu anasema hiyo ni ibada ya Kibudha iliyofichwa. Meneja anasema ni sayansi tupu. Mimi pumzi hiyo inanituliza kweli, lakini kazi ya watu wawili ninayoifanya peke yangu haijapungua hata kidogo. Yupi kati yao yuko sahihi?

Mfanyakazi, huduma kwa wateja

JIBU: Ndugu msomaji, kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, ila jambo ulilolitaja mwishoni ndilo zito zaidi.

Uzingativu umetokana na neno sati la Kipali, lugha ya maandiko ya kale ya Wabudha wa Theravada, mojawapo ya matawi ya dini hiyo, na kwa asili neno hilo linahusiana na kukumbuka. Katika hotuba ya Buddha iitwayo Satipatthana, mtawa anafundishwa kuuchunguza mwili, hisia na hali ya moyo wake. Akivuta pumzi ndefu ajue kuwa ni ndefu, akivuta fupi ajue kuwa ni fupi. Hata hivyo, kujua huko hakukuachwa kuelee peke yake. Uzingativu sahihi ni sehemu ya saba ya Njia ya Sehemu Nane, mwongozo wa maisha wa Kibudha, ambayo inataja pia usemi mwema, matendo mema na riziki isiyomdhuru mtu. Mwizi anayefungua kufuli usiku naye amezingatia kikamilifu, vidole vyake vikisikia kila mtikisiko wa chuma, lakini hakuna mwalimu wa Kibudha ambaye angeuita huo uzingativu sahihi, kwa kuwa anayezingatia hutakiwa akumbuke lipi linadhuru na lipi linafaa.

Meneja wako naye ana hoja. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, aliyekuwa amejifunza kwa walimu wa Kibudha, alianzisha katika kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Massachusetts, nchini Marekani, mafunzo ya wiki kadhaa kwa wagonjwa wenye maumivu sugu na msongo wa mawazo, akiacha makusudi lugha ya dini. Zoezi lake mashuhuri ni la zabibu kavu moja: unaitazama mikunjo yake, unainusa, unaiweka ulimini bila kuitafuna, ndipo unaitafuna polepole. Hapo hakuna sala wala kiapo. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2014 yaliona ushahidi wa wastani wa nafuu kwa wasiwasi, sonona na maumivu, lakini hayakuona ushahidi kwamba njia hii inazishinda dawa au mazoezi ya mwili.

Kisha likaja soko. Programu ya Headspace ilianzishwa mwaka 2010, ile ya Calm ikafuata mwaka 2012, na leo utulivu unalipiwa kwa ada ya mwezi. Sioni dhambi mwalimu kulipwa, ingawa kozi za siku kumi za vipassana, aina ya kutafakari ya Kibudha, zilizoenezwa na mwalimu S. N. Goenka hadi leo hazitozi ada, bali huendeshwa kwa michango ya waliokwisha kuzihitimu. Kinachonisikitisha ni mwajiri kununua programu badala ya kuajiri mtu wa pili. Mwaka 2013 Ronald Purser na David Loy, wote wawili wafuasi wa Ubudha, walionya kuhusu hali hiyo hiyo: uzingativu uliokatwa kutoka kwenye maadili yake humfundisha mfanyakazi kuyaona mateso yake kuwa kasoro ya akili yake, huku chanzo chake kikibaki palepale.

Kwa hiyo, dakika zako kumi ziendeleze, maadamu zinakufaa. Zikianza kukuletea hofu au kumbukumbu chungu, ziache na umwone mtaalamu. Mwenzako asishurutishwe, kwa kuwa shaka yake ina msingi. Na ile kazi ya watu wawili, ihesabu kwa wiki mbili, simu kwa simu, kisha umpelekee meneja hesabu hiyo kwa maandishi.