Shingo kupinda baada ya haloperidoli: yaliyotukuta nyumbani

Dada uliyeuliza kuhusu mwanao kupinda shingo siku ya tatu tangu aanzishiwe haloperidoli, dawa ya wanaosikia sauti zisizokuwepo, na ndugu wanakushauri dawa itupwe: pole sana. Mimi si daktari. Nimemuuguza mdogo wangu miaka sita hapa Tanga, na hilo lako limetukuta.

Kwake ilikuwa siku ya pili, baada ya magharibi. Amekaa mkekani, shingo ikaanza kwenda upande polepole kama inavutwa na kamba. Macho yakapanda juu yakagoma kushuka. Udenda unamtoka, ulimi mzito, lakini akili timamu kabisa, alinishika mkono akasema, "Kaka, siwezi kushusha macho." Shangazi akasema jini limepanda, likaletwa kombe la maji ya dua, nusu likammwagikia kifuani. Tulihangaika saa mbili nzima. Kufika kituo cha afya, tabibu wa zamu akauliza swali moja tu: ameanza dawa gani? Akamchoma sindano ya Phenergan, dawa ya mzio ambayo pia hulegeza misuli iliyokakamaa hivyo. Nusu saa haikuisha, shingo imerudi mahali pake na kijana kalala.

Inaniuma mpaka leo kwamba hospitali iliyompa dawa haikututamkia neno. Haloperidoli huzuia dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe kwenye ubongo, na hapo ndipo zile sauti zinapotulia. Lakini dopamini hiyo hiyo inahitajika kuendesha misuli, ndiyo maana misuli nayo huvurugika, hasa kwa vijana wa kiume, hasa siku za mwanzo. Kwa hiyo usingoje tarehe ya kliniki, mpeleke leo na pakiti ya dawa mkononi. Akishindwa kumeza au kupumua, au akipata homa kali huku mwili umekakamaa na amechanganyikiwa, hiyo ni hatari ya maisha. Kimbieni hata kama ni usiku wa manane.

Tulipewa Artane, vidonge vya kuzuia misuli isikakamae hivyo. Shingo haikurudia tena, ila mdomo ulimkauka na choo kikawa kigumu. Mkiandikiwa nanyi, mpe asubuhi, maana ikinywewa usiku inaweza kumnyima usingizi. Na uiweke wewe mwenyewe, mitaani kuna wanaoitafuta kwa ulevi.

Sasa kuna jambo lilitusumbua kuliko hata shingo. Wiki ya tatu mdogo wangu alishindwa kutulia. Anakula wali kasimama. Akiswali, tahiyatu haimalizi, miguu inamkimbia. Usiku anazunguka uani, mlango hadi kisima, kisima hadi mlango. Sote tukajua ugonjwa umerudi, dozi ikaongezwa, naye akazidi. Siku moja akaniambia, "Kichwa kimetulia, kaka. Ni miguu ndiyo haitaki." Nilimpelekea daktari mwingine maneno hayo hayo. Kumbe ni dawa, si ugonjwa. Akapunguza haloperidoli kutoka miligramu 10 hadi 5 kwa siku, akaongeza propranololi, dawa ya presha ambayo pia hutuliza hali hiyo, baada ya kuuliza kwanza kama ana pumu. Siku chache baadaye alikaa akala na sisi. Ndiyo maana nakusihi: muulize mwanao kinachomsumbua kiko kichwani au mwilini, na jibu lake lifikishe kliniki kama alivyolisema.

Kuacha ghafla tulishajaribu. Mwezi wa kwanza alikuwa mzuri ajabu, kachangamka, mama akashukuru Mungu. Mwezi wa tatu akaanza kuongea na ukuta, akafunga madirisha yote kwa misumari. Ugonjwa huu haurudi siku ile ile unayoacha dawa, ndipo watu wanapodanganyika kwamba haikuwa na kazi.

Sasa yuko kwenye olanzapini, dawa nyingine ya ugonjwa huo huo. Shingo na miguu imetulia, ila njaa! Aliongezeka kilo 11 mwaka wa kwanza. Tunampima uzito na sukari, soda tumeziondoa nyumbani, na jioni natembea naye hadi baharini. Yeye mwenyewe anasema heri kitambi kuliko ile miguu. Mwingine angechagua tofauti, na ana haki hiyo.

Mwanao ana umri gani, na anakunywa miligramu ngapi? Mkitoka hospitali leo njoo utuambie walichompa.