Muulize Shangazi: Wote walicheka, mi nikalia

Wapenzi wasomaji, mwezi huu barua zimekuja nyingi za jambo moja, ile muvi ya familia iitwayo Quints, ya tineja ambaye mama yake anajifungua watoto watano kwa mpigo. Naona imerudi majumbani kwa kasi. Nimechagua nne, na ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko zote manake aliyeiandika ni mtoto na aliniandikia usiku wa manane.

SWALI: Shikamoo shangazi. Mi nina miaka 15, nilikuwa mtoto wa pekee mpaka mwaka jana mama alipojifungua mapacha watatu. Juzi wageni walikuja kuona watoto baba akaweka ile muvi ya Quints, sebule nzima ikawa inacheka mpaka machozi, mi nikaenda kujifungia bafuni nikalia kweli kweli. Mama akasema nina wivu na watoto wachanga. Shangazi wadogo zangu nawapenda, akilia mmoja nikiwa chumba kingine najua ni nani, lakini toka wamekuja hakuna anayeniuliza umekula, umeshindaje shule, ninachoulizwa ni nepi ziko wapi. Je mi ni mtoto mbaya? Na kwa nini ile muvi wanasema inachekesha?
Dada wa Watatu

JIBU: Marahaba mwanangu. Hapana, we si mbaya, naanza na hilo kabla ya lingine lolote.

Baada ya barua yako nimekaa nikaitazama muvi tena toka mwanzo. Ilioneshwa mara ya kwanza na Disney Channel kule Marekani tarehe 18 Agosti 2000, na huyo tineja, jina lake Jamie, ameigizwa na Kimberly J. Brown, ambaye wakati inatoka alikuwa na miaka 15 kama wewe. Jamie ni mtoto pekee, macho yote ya wazazi yako kwake, masomo yake, maksi zake, maisha yake ya kesho, hapumui, anatamani wamwachie kidogo tu. Basi mimba inaingia, wanakuja watano, na kweli wazazi wanamwachia. Wanamwachia kabisa! Hapo ndo stori yenyewe ilipo. Mtu mzima akiitazama anaona chupa na nepi na baba aliyesinzia amesimama, anakumbuka ya kwake anacheka, na sina ubaya naye. We uliitazama ukiwa umekaa alipokaa Jamie, na ukikaa pale unaona mtoto aliyeomba nafasi akapewa ukiwa. Kwa hiyo usifikiri umeielewa vibaya, Jamie ndo mwenye ile muvi, na sebule nzima we peke yako ulikuwa unamtazama yeye.

Kuhusu wivu. Mwenye wivu anataka cha mwenzake. We kuna kitu cha wadogo zako unakitaka? Chupa yao? Mgongo wa mama? Nimesoma barua yako mara tatu sijakiona, nilichoona ni mtoto anataka arudishiwe swali lake la "umekula?" ambalo alikuwa nalo miaka 14 na likapotea kwa wiki moja. Mama yako amekosea neno, ila amelikosea kwa uchovu, na uchovu wenyewe ngoja nikuoneshe ulivyo manake nahisi hakuna aliyewahi kukaa na wewe akakupigia hesabu.

Mtoto mchanga ananyonya mara 8 mpaka 12 kwa siku, usiku na mchana. Wakiwa watatu ni mara 24 mpaka 36, yaani ukikadiria kila mmoja anakula nusu saa na wanakula kwa zamu, hayo ni masaa 12 mpaka 18 kwenye siku ya saa 24, na hata mama hajaoga. Nepi kama 10 kila mmoja, 30 kwa siku, ndo maana imekuwa salamu ya nyumba yenu. Alafu kuna kitu kingine, mapacha watatu mara nyingi wanawahi kuzaliwa, wengi huja kwenye wiki ya 32 hivi wakati mtoto mmoja anangojwa mpaka wiki ya 37 na kuendelea, wanazaliwa wadogo sana wanakaa hospitali wiki kadhaa, mama anakuwa huko mchana kutwa na roho iko juu. Kama na kwenu ilikuwa hivo basi we ulianza kuwa peke yako kabla hata watoto hawajaingia nyumbani, na nadhani ndo maana inakuuma toka zamani kuliko wanavyojua.

Sasa hiyo hesabu nimekupa ili ujue upendo haujapungua, kilichokwisha ni masaa. Ila sitaki uichukue kama amri ya kunyamaza. Mtu anaweza kuwa na sababu nzuri kabisa ya kukukanyaga mguu na mguu bado ukauma.

Fanya hivi. Usimwambie mama "hamnijali", hilo akilisikia saa kumi alfajiri atajitetea tu. Omba kitu chenye kipimo: mama naomba dakika 15 kila siku, mimi na wewe, hata kama una mtoto kifuani, tusiongee habari za watoto. Dakika 15 mtu aliyechoka anaweza kuzitoa, "unijali zaidi" hajui aanzie wapi. Na baba naye umwombe zake, kwa nini kila kitu kiwe kwa mama? Pili, chagua kazi moja ya watoto iwe yako kabisa, kwa mfano kuwaogesha jioni kwa kuwa unawajua mpaka sauti, na chagua moja ya kukataa kwa adabu, mi ningesema ile ya kuamka usiku siku za shule. Kusaidia wadogo ni wajibu wa dada mkubwa na ni heshima, lakini kuna mstari, ukishaanza kusinzia darasani, ukaacha marafiki, ukawa unajua ratiba ya chanjo kuliko ratiba yako ya mitihani, hapo ushakuwa mzazi wa tatu na wa kwanza kulisema uwe wewe.

Ukishindwa kusema, acha gazeti limefunguka ukurasa huu kwenye meza. Na mama yake, kama umefika hapa: dada yangu hongera kwa kazi, najua hulali. Kifungua mimba wako analia bafuni. Leo kabla ya kumuuliza nepi ziko wapi mtajie kwanza jina lake, kisha nyamaza umsikilize.

SWALI: Shangazi mi naomba kujua kitu kimoja tu, hivi kwenye hizi komedi za familia vichanga wanawapataje na wanawafanyaje watulie mbele ya kamera? Mbona wangu hata picha moja hatulii!
Mama Kichanga

JIBU: Hawatulii mpenzi, ila sheria imewapangia watu kufanya haraka. Chukua mfano wa California ambako kazi nyingi za runinga ya Marekani hufanyika. Kule mtoto hawezi kuingia seti kabla hajafikisha siku 15, na akiwa hajatimiza mwezi lazima daktari athibitishe kwa maandishi kwamba mapafu, moyo, macho na kinga yake vinaweza kuhimili. Toka siku 15 mpaka miezi 6 ruksa kuwepo kazini masaa 2 tu kwa siku, na ndani ya hayo masaa 2 kufanya kazi ni dakika 20. Dakika 20! Hata taa wamezipimia, mwanga mkali usimpige zaidi ya sekunde 30 kwa mkupuo, na nesi awepo pale pale.

Ndo maana watengenezaji wanawapenda sana mapacha wanaofanana. Mmoja akimaliza dakika zake anaingia mwenzake, mtazamaji anaona mtoto yule yule. Yule Michelle wa Full House, komedi iliyoanza 1987 ikaisha 1995, walikuwa ni wawili, Mary-Kate na Ashley Olsen, wanapokezana. Sasa fikiria stori inayohitaji vichanga watano kwa pamoja kwenye fremu, kila mmoja na saa yake inayokimbia! Mi tangu nijue hili, nikiona kwenye muvi mtoto amelala vizuri namtazama mpaka mwisho, nawaza kuna mama yake mahali nyuma ya kamera amebana pumzi.

SWALI: Habari shangazi, nina binti wa miaka 16 na mapacha wanne wa miezi mitano. Ndugu na marafiki wananiambia nifungue chaneli ya video, dada mtu awe anarekodi na kuonekana akiwahudumia wadogo zake, wanasema itakuwa kama ile komedi na tutapata hela na makampuni yatatuletea vitu bure. Hela kwa kweli tunaihitaji. Binti kasema "sawa tu". Nifanyeje?
Mama wa Wanne

JIBU: Mama, hiyo "sawa tu" ya tineja si ndiyo. Nitarudi hapo.

Kwanza nikupe historia. Tarehe 28 Mei 1934 huko Ontario, Kanada, kwenye familia ya Dionne, walizaliwa wasichana watano wa kufanana, wa kwanza kujulikana duniani kuvuka utoto wote watano. Familia ilikuwa ya wakulima na tayari ina watoto wengine wakubwa. Serikali ya Ontario ikawachukua wale watano kutoka kwa wazazi, ikasema inawalinda, wakajengewa hospitali yao ng'ambo ya barabara, ng'ambo ya barabara ya nyumba ya baba yao mzazi! Baadae watu wakaanza kuletwa kuwatazama wakicheza, mahali pakaitwa Quintland, na kati ya 1936 na 1943 walipita watazamaji kama milioni 3. Nyuso zao zikauza bidhaa kila aina. Walirudi kwa wazazi wakiwa na miaka 9, wageni kwa ndugu zao na ndugu wageni kwao, na hao ndugu wakubwa ndo huwa nawafikiria mimi, walikulia dirishani wakiona foleni ya watu wakija kuwatazama wadogo zao ambao wao hawaishi nao. Mwaka 1998, zaidi ya miaka 60 baadae, serikali ya Ontario ilikubali kuwalipa wale watatu waliokuwa bado hai dola milioni 4 za Kanada.

Mwaka mmoja nyuma yake, Novemba 1997, kule Iowa Marekani ilikuwa imezaa familia ya McCaughey, watoto saba, wa kwanza kuishi wote saba, na wao walikuwa na dada yao ambaye hata miaka 2 alikuwa hajatimiza. Zawadi zikamiminika, nyumba, gari, nepi za kumwaga. Wale kina Dionne watatu walipoona hivyo wakawaandikia wazazi barua ya wazi kwenye jarida la Time, wakawaomba wasiwaruhusu watoto wao wageuzwe burudani wala chombo cha kuuzia bidhaa. Wanawake wa miaka 63 waliokuwa na haki ya kukaa kimya wakapumzika, wakaona bora waandike.

Sasa rudi kwa binti yako. Kwenye komedi, mtoto anayelia mbele ya kamera analindwa na sheria, ana nesi, ana dakika 20, na jina analotumia si lake. Nyumbani kwako nani atamhesabia dakika? Binti yako ana miaka 16, darasa zima litamwona anabadilisha nepi, na siku akikasirika utatamani uirekodi manake ndo watu watakayoipenda. Mkalishe mahali pasipo na simu, mwambie "ukikataa sitakununia na hatutaongelea tena", alafu umwache afikirie wiki nzima, jibu litakalokuja hapo ndo jibu lake. Makampuni yakitaka kuwapa msaada wa nepi pokeeni, msaada haukatazwi, ila ukija na masharti ya kuonesha watoto wameoga, rudisheni. Na hao wanne siku moja watakuwa na miaka 16 pia, hao hata "sawa tu" hawajaweza kuisema.

SWALI: Tumebishana mimi na mume wangu, yeye anasema watoto watano kwa mpigo ni mambo ya muvi. Na yule mzee aliyeigiza gavana kwenye Quints ni nani, sura naijua!
Mbishi

JIBU: Umeshinda wewe. Bila dawa za uzazi ni nadra mno, kanuni ya zamani ya madaktari inakadiria mara moja katika uzazi kama milioni 60, ila dawa na upandikizaji wa mimba viliongeza sana idadi ya mapacha wengi, na kule Marekani kiwango cha watatu na kuendelea kilifika kilele mwaka 1998, miaka miwili tu kabla ya hiyo muvi, nadhani ndo maana stori ikawa mdomoni mwa watu. Na mwambie mumeo kuna zaidi ya watano: tarehe 4 Mei 2021 Halima Cissé wa Mali alijifungua watoto tisa huko Casablanca, Morocco, wasichana watano na wavulana wanne, wote tisa wakapona, na nyumbani walikuwa na dada mkubwa anawasubiri.

Mzee ni Don Knotts, yule askari Barney Fife wa komedi ya zamani ya runinga, The Andy Griffith Show, alifariki 2006.

Dada wa Watatu, mwezi ujao nimekuachia nafasi hapa. Niandikie zile dakika 15 zimekwendaje, na uniambie mwanangu, unawatofautishaje kwa kilio?